Springi mpya ya mbele inaruka kila usukani unapokatwa

Swali

Ndugu mafundi, salaam. Nimebadilisha springi zote mbili za mbele kwenye gari lenye shokapu za MacPherson, yaani zile ambazo springi huvikwa juu ya shokapu yenyewe. Shokapu na mauntingi, yaani vishikio vya juu vinavyozifunga kwenye bodi, ni zilezile za awali, kwa kuwa shokapu hazivuji na bado zinarudi vizuri. Ili nipate nafasi, nililegeza pia bolti za wishiboni, yaani mkono wa chini unaounganisha gurudumu na bodi, kisha nikazikaza gari likiwa bado juu ya stendi.

Sasa nikikata usukani gari likiwa limesimama, upande wa kulia hutoa kishindo. Nikiigusa springi hiyo huku mwenzangu akizungusha usukani, naisikia ikijisokota taratibu, halafu inaruka kwa ghafla. Aidha, pua ya gari imesimama juu kuliko nilivyotarajia. Je, springi ndiyo mbovu, au ni ufungaji?

Jibu la kwanza

Sidhani kama springi ina kosa. Usukani unapozungushwa, shokapu huzunguka pamoja na springi yake, wakati mauntingi ya juu imebaki tuli kwa sababu imefungwa kwenye bodi, na kinachoruhusu mzunguko huo ni beringi iliyo kati yao. Beringi hiyo ikikwama kwa kutu au mchanga, au ikipangwa kinyume, springi hujisokota mpaka nguvu izidi, ndipo inaporuka na kugonga.

Kabla ya kufungua chochote, mulika tochi kwenye kitako cha chini cha springi. Hapo pana ngazi ndogo, na ncha ya springi inatakiwa iishie kwenye ngazi hiyo, isiipande. Ikiwa imepanda, springi imekaa upande, na huo pia ni mwanzo wa mlio. Hakikisha vilevile kwamba haikuvikwa juu chini, maana ncha mbili za springi mara nyingi hazifanani.

Jibu la pili

Naafiki, ila ninaomba usiharakishe ukifika hatua ya kufungua, kwa kuwa springi iliyobanwa ina nguvu ya kuua. Weka vibanio viwili vinavyotazamana, vikamate mizunguko mingi kadiri inavyowezekana, kisha uvikaze kwa zamu, kidogo huku na kidogo kule, kwa spana ya mkono na si kwa mashine ya upepo. Nati ya juu isiguswe kabisa mpaka springi ilegee kwenye vitako vyake kiasi cha kuweza kuizungusha kwa mkono. Fimbo ya shokapu usiishike kwa koleo, kwani mkwaruzo mdogo tu utachana sili na mafuta yataanza kuvuja. Kalipa, yaani kifaa kinachobana breki, nayo ifungwe kwa waya, isining'inie kwenye mpira wa breki.

Muuliza swali

Nashukuru sana. Ncha imekaa sawasawa kwenye ngazi, lakini beringi ya kulia nimeikuta imejaa kutu na haizunguki hata kwa nguvu ya mikono miwili. Nitaweka mpya pande zote mbili. Je, hiyo ndiyo iliyoinua pua ya gari?

Jibu la tatu

Hapana, urefu huo una sababu nyingine. Bushi za wishiboni ni mpira ulioshikana na chuma, na zikikazwa wakati mkono umening'inia, mpira hujisokota gari linaposhuka chini, ukawa unalisukuma juu na kuchakaa mapema. Legeza bolti hizo, shusha gari likanyage chini kwa uzito wake wote, litikise mara kadhaa, kisha uzikaze hapo kwa kipimo kilichomo kwenye kitabu cha gari. Baada ya hapo pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi ulio juu yake, kushoto na kulia, ukilinganisha na kipimo cha kiwandani. Kupima alaimenti, yaani mpangilio wa magurudumu, kuje mwisho, bushi zikiwa zimeshatulia, vinginevyo utalazimika kuipima tena.