Waranti ya ziada ya 95,000 au pesa ya betri? Nisaidieni kabla ya Jumamosi

Mama Tausi (Arua)
Salamu zenu. Simu yangu inaingia mwaka wa tatu. Kioo kizima, kamera nzima, ila betri imenishinda. Naichomoa saa 1 asubuhi ikiwa imejaa, saa 6 mchana inalia. Juzi ilizimika ikionyesha asilimia 23, mteja yuko mbele yangu ananitumia pesa kwa simu. Akaniangalia kama tapeli.

Nimepata nyingine Kampala kwa 780,000. Waranti ya kiwandani ni miezi 12. Muuzaji anasema nikiongeza 95,000 napewa miezi 12 mingine. Nikamwuliza, "Na betri?" Akajibu, "Mama, kila kitu kimo." Karatasi hajanitumia.

Naona njia tatu. Nilipe hiyo 95,000. Au nisilipe, niiweke kando, betri ikichoka nibadilishe. Au nichukue simu ya 450,000, ikifa nizike ninunue nyingine. Nauza vitenge kwenye duka la mabati, na joto letu la Januari mnalijua. Nyinyi mngeshika ipi?

Fundi wa Kafeero
Dada, usitoe hata shilingi kabla ya kuiona karatasi. "Kila kitu kimo" ni maneno ya mdomo tu. Wateja wangu huniletea karatasi hizo, na mara nyingi betri imewekwa kundi moja na chaja na waya, vitu vinavyochakaa. Ikivimba au ikifa kwa kosa la kiwandani, unabadilishiwa. Ikichoka kwa kutumika, ni shauri lako. Na yako haijaharibika, imechoka.

Betri za lithiamu zinahesabiwa kwa mizunguko. Ukitumia asilimia 60 leo na 40 kesho, huo ni mzunguko mmoja, hata kama umeichomeka mara tano. Kwa miaka mingi kipimo kilikuwa mizunguko 500, kisha betri inabaki na asilimia 80 ya uwezo wake wa mwanzo. Apple wanataja 500 kwa iPhone 14 na zilizotangulia, na 1,000 kuanzia iPhone 15. Umoja wa Ulaya nao, tangu Juni 2025, unataka simu mpya zinazoingia sokoni kwao zifikishe 800.

Mtu wa biashara kama wewe anamaliza mzunguko mmoja kwa siku. 500 ni mwaka na miezi minne na ushee. Kwa hiyo uchovu unakukuta katikati ya huo mwaka wa pili unaouziwa, na uchovu ndio usiolipiwa. Mimi ningeshika njia ya pili.

Kuzimika kwenye 23 si uchawi. Betri kuukuu ukinzani wake wa ndani hupanda. Simu ikitaka nguvu nyingi kwa ghafla, volti zinaanguka na inajizima ijilinde. Mwisho wa 2017 Apple walikiri kwamba walikuwa wakipunguza kasi ya iPhone za zamani kwa sababu hiyo hiyo. Watu wakachachamaa, na 2018 bei ya kubadilisha betri ikashushwa kutoka dola 79 hadi 29. Wengi waliobadilisha wakaona simu imekimbia upya.

Boda wa Ntinda
Mimi simu inakaa kwenye usukani kutwa, jua la saa 8, ramani imewashwa, data imewashwa, na inachaji kwa waya wa pikipiki. Miaka miwili, betri mbili. Waranti ya ziada nililipa mara moja. Kioo kilipasuka, nikaenda, wakaniambia kuanguka hakumo. Nikauliza kilichomo ni nini. Yule kijana akacheka, nami nikacheka, nikaondoka.

Kama ni kulipa, lipia kuanguka na maji. Ndiyo ajali zetu.

Mwalimu wa Bombo
Naomba nipinge kidogo, msije mkaitupa yote. Yangu ilikufa bodi, ule ubao mkuu wa ndani, mwezi wa 17. Usiku nililala nayo nzima, asubuhi haiwaki. Nilikuwa na waranti ya ziada, nikapeleka, baada ya wiki mbili nikarudishiwa inafanya kazi, sikulipa kitu. Bila ile karatasi ningeanza upya.

Jambo la pili ni sheria. Hapa Uganda tuna Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017. Muuzaji wa biashara anawajibika kwa ubora wa kitu alichokuuzia na kufaa kwake kwa kazi inayojulikana. Haki hiyo hainunuliwi kwa 95,000. Tunza risiti, usiende na maneno matupu.

Fundi wa Kafeero
Mwalimu, hapo tuko pamoja. Waranti hiyo kazi yake ni bodi, si betri. Basi tuipigie hesabu. Bodi ya simu ya bei hiyo, kwangu, na ufundi wake, tuseme 350,000. Ukilipa 95,000 kujikinga na 350,000, ingebidi zaidi ya simu moja katika kila nne ife bodi mwaka wa pili ndipo wateja kwa jumla watoke bila hasara. Kama zingekuwa zinakufa hivyo mimi ningekuwa nimejenga ghorofa.

Uliza pia nani anayelipa. Ni duka lenyewe au kampuni ya bima iliyosajiliwa na mamlaka ya bima? Hapa Kampala duka la simu leo lipo, mwakani pale panauzwa viatu.

Aliyewahi kuuza simu
Nilikaa nyuma ya kaunta miaka minne. Kwenye simu faida ilikuwa nyembamba, kwenye waranti ya ziada nilipewa kamisheni. Ndiyo maana hatukuitaja mwanzoni. Tulingoja mtu ameshakubali bei na mkono uko mfukoni. Na "kila kitu kimo" nimeisema sana, Mungu anisamehe.

Dada wa Busia
Ongezeni na la mpaka. Nilinunua upande wa Kenya kwa kuwa bei ilinivutia, ilipoharibika nikaipeleka huku, nikaambiwa waranti ni ya nchi ilikouzwa. Mama Tausi, yako itashughulikiwa Arua au Kampala? Ukihesabu basi la usiku kwenda na kurudi, na siku mbili duka limefungwa, hiyo "bure" yao si bure.

Halafu mimi nina swali la kijinga. Kioo kizima, kamera nzima. Kwa nini unanunua simu?

Boda wa Ntinda
😂 Njia ya nne hiyo, na hakuna aliyeiona.

Mwalimu wa Bombo
Tumeandika kama mawakili, dada wa Busia kamaliza kwa mstari mmoja. Ila aangalie kama simu yake bado inapokea masasisho ya usalama, maana anashika pesa za watu humo ndani. Kama yamekoma, hapo kununua mpya kuna maana.

Fundi wa Kafeero
Nilikuwa nangoja nione kama atauliza, fundi akisema wa kwanza anaonekana anatafuta kazi. Kwa simu ya namna hiyo betri nzuri na kazi yake ni kama 70,000 kwangu. Tahadhari mbili. Kama ilikuwa ya kuzuia maji, ikishafunguliwa usiiamini tena mvuani, gundi ya kiwandani hairudi vilevile. Na ogopa betri za bei ya rolex mbili, zile chapati za mayai. Jalada limeandikwa mAh 6,000, yaani kiasi cha chaji inachobeba, ndani hakuna hata nusu. Ukiishika mkononi unahisi nyepesi.

Betri iliyovimba usiitoboe wala kuikandamiza ili mfuniko ufunge. Inawaka.

Mama Tausi (Arua)
Jamani! Masasisho bado yanakuja, nimeangalia sasa hivi, la mwisho ni la mwezi uliopita. Mimi mawazo yangu yote yalikuwa kwenye ile mpya. Sasa hiyo betri nikiiweka, kwenye hili joto itadumu?

Mwalimu wa Bombo
Joto ndilo adui, hasa joto pamoja na chaji iliyojaa. Kuna vipimo vinavyonukuliwa sana: betri ikikaa mwaka mzima kwenye nyuzi 40 ikiwa imejaa, hubaki na asilimia 65 hivi ya uwezo wake. Ikikaa kwenye joto hilo hilo na chaji ya asilimia 40, hubaki na asilimia 85. Kwa hiyo usiiache imejaa na imechomekwa juu ya kaunta chini ya bati. Simu nyingi sasa zina mpangilio wa kukomesha chaji kwenye 80. Uwashe.

Boda wa Ntinda
Mwalimu, 80 ni ya watu wenye umeme wa uhakika. Ilipokuwa kampuni ya Umeme tulilala giza, UEDCL ya serikali imechukua tangu Aprili 2025 na kwetu bado kuna siku tunalala giza. Ukiuona moto unajaza mpaka mia na pawabenki juu.

Mwalimu wa Bombo
Haya, siku ya giza jaza. Siku nyingine ziwe 80. Na iwe kivulini, hata chini ya kitenge kimoja. La, si chini ya kitenge, itapikika. Kivulini wazi.

Mama Tausi (Arua)
Karatasi imefika. Betri haimo, "kuchakaa kwa kawaida". Kuanguka hakumo. Na simu lazima ipelekwe Kampala kwa gharama ya mteja. Fundi, naituma yangu na basi la leo usiku. Ukiifungua nipigie kwa simu ya mwanangu niione betri kabla hujaiweka.

Fundi wa Kafeero
Nitakupigia kwa video, fundi wako hana cha kuficha. Betri ninazoweka napa miezi mitatu kwa maandishi.

Mama Tausi (Arua)
Siku ya nne leo tangu irudi. Saa 6 mchana nimeangalia, asilimia 71. Sikuzoea, nikadhani imeganda.

Dada wa Busia
Na yule muuzaji wa 780,000?

Mama Tausi (Arua)
Amenipigia mara tatu. Waranti sasa ni 60,000.