Umewahi kudai haki yako barazani au mahakamani? Tupeane uzoefu

Mtunza Stoo

Habari zenu wadau. Kila wiki nasoma humu mtu kafukuzwa kazi, mwingine kaporwa kiwanja, mwingine shemeji kashikilia mali za marehemu, na jibu la kwanza anapewa ni "mwachie Mungu". Mungu namwamini sana. Ila kuna milango ipo hapahapa duniani, na tuliopita humo tuseme tulichokiona ili mwenye jambo leo ajue pa kuanzia.

Naanza na langu. Mwaka 2018 nilikuwa mtunza stoo kwenye kampuni moja hapa Dar, mwaka wangu wa sita. Jumamosi jioni ikaingia meseji: "Jumatatu usije, stoo ina upotevu." Basi. Hakuna barua, hakuna kikao cha nidhamu, hata orodha ya kilichopotea sikuonyeshwa. Nilikaa nyumbani wiki tatu nikisubiri waniite, na kwa aibu hata mke wangu nilimwambia niko likizo. Aliyenizindua ni dereva mmoja aliyewahi kupita mkasa kama huo: "Una siku 30 tu za kwenda CMA. Hesabu." Nikahesabu, ilikuwa siku ya 24.

CMA ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ilianzishwa na Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004. Unajaza Fomu Namba 1, hulipi ada. Mnaanza kwa msuluhishi. Kikao chetu kilikuwa kwenye chumba kidogo, feni inalia juu, mimi upande huu na afisa rasilimali watu upande ule, dada niliyekunywa naye chai miaka yote. Hakuniinulia macho hata mara moja. Walitaka kunipa mshahara wa mwezi mmoja yaishe. Nikakataa, tukapelekwa kwa mwamuzi.

Pale kwa mwamuzi ndipo nilipojua jambo ambalo natamani kila mfanyakazi alijue. Ukiachishwa kazi na ukalalamika, mwajiri ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu halali na alifuata utaratibu. Mimi sikutakiwa kuthibitisha kwamba si mwizi. Mwamuzi alimuuliza wakili wao, "Barua ya tuhuma iko wapi? Muhtasari wa kikao?" Hawakuwa navyo. Nami sikuwa na mkataba wa maandishi, lakini nilipeleka taarifa ya benki inayoonyesha mshahara ukiingia mwezi baada ya mwezi, pamoja na ile meseji. Tuzo, yaani uamuzi wake, ikatoka: fidia ya mishahara ya miezi 12 kama sheria ilivyokuwa wakati ule, notisi, likizo nilizokuwa nadai, na cheti cha utumishi.

Sitawadanganya kwamba nililipwa kesho yake. Ilibidi niende Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, kukazia tuzo, yaani kuwalazimisha walipe. Siku dalali wa mahakama alipofika getini kwao kuorodhesha magari, jioni yake wakanipigia. Wakalipa kwa awamu nne. Kuanzia meseji ile hadi shilingi ya mwisho ilikaribia miaka miwili.

Karibuni. Leteni zote, mlizoshinda na mlizoshindwa.

Fundi AC

Mkuu, umenigusa. Mimi nimeambiwa nisirudi kazini tarehe 2 mwezi huu na leo ni tarehe 29. Nilikuwa nasubiri bosi arudi safari tuongee.

Mtunza Stoo

Ndugu yangu, usisubiri safari ya mtu. Kesho saa mbili uwe pale mlangoni. Siku zikipita itabidi uombe kuongezewa muda na ueleze sababu za maana, na wanaweza kukukatalia. Kuongea na bosi utaongea fomu ikiwa imeshapokelewa.

Mama Tatu

Shikamooni wakubwa zangu. Yangu ni ya mirathi, Morogoro.

Mume wangu alifariki 2014. Kikao cha ukoo kikamchagua shemeji awe msimamizi, na muhtasari nikauweka saini nikiwa bado eda, kichwa hakipo. Nilikuwa naamini msimamizi ndiye mwenye mali. Hilo ndilo kosa letu wajane wengi. Miaka miwili akawa anakusanya kodi ya vyumba vitano, na watoto wakirudishwa shule ananiambia mirathi bado haijaisha.

Siku moja nikaenda Mahakama ya Mwanzo peke yangu, nikamwomba karani aniangalizie jalada. Alilitoa, likiwa na vumbi, akalifunua mbele yangu. Fomu Namba 4 ya kumteua ipo. Fomu Namba 5, ya kuorodhesha mali na madeni, haipo. Namba 6 ya hesabu, haipo. Karani akaniambia, "Mama, hii ya tano alitakiwa kuileta ndani ya miezi minne." Nililia palepale kwenye benchi, kwa sababu miaka miwili nilikuwa namwomba mtu kitu ambacho sheria ilikwisha kumwamuru akifanye.

Niliandika barua kwa mkono wangu, kurasa mbili. Hakimu akamwita kwa samansi. Alikuja na wazee wawili wa ukoo. Hakimu hakubishana nao, alimuuliza tu kodi ya miezi 24 iko wapi. Nilikuwa na kaunta buku, kila mpangaji na tarehe aliyolipa. Uteuzi wake ukatenguliwa, nikateuliwa mimi pamoja na kaka yake mkubwa marehemu, mtu muungwana. Tukagawa kwa sheria ya Kiislamu: mimi thumni yangu, yaani moja ya nane, na watoto mafungu yao. Sikutaka zaidi ya hapo.

Mjukuu wa Kyela

Mimi niwape ya kushindwa. Shamba la babu lilivamiwa mwishoni mwa 2010. Mwaka 2020 nikafungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwa jina langu. Wakili wa upande wa pili akaweka pingamizi la awali: mali ni ya marehemu, na huyu si msimamizi wa mirathi. Shauri langu likatupwa siku hiyohiyo, mashahidi wangu wakiwa wamekaa nje na nauli nimewalipia. Ukidai mali ya marehemu bila Fomu Namba 4 mkononi, unapoteza muda.

Nikarudi kuanza mirathi, huku moyo unadunda kwa sababu dai la ardhi lina ukomo wa miaka 12. Nilivyomaliza sheria nayo imebadilika: tangu 2021 Baraza la Kata haliamui tena, linasuluhisha tu, na ukitaka kwenda wilayani lazima kata wathibitishe kwamba usuluhishi umeshindikana. Nikawahi kabla 2022 haijaisha. Safari hii baraza lilikuja mpaka shambani. Mzee wa baraza mmoja alisimama kwenye mchikichi ambao babu aliupanda kama mpaka, akaugusa, akauliza umri wake. Nimepewa sehemu tu ya shamba, iliyobaki nimekata rufaa Mahakama Kuu Mbeya. Bado nasubiri.

Dada wa Singida

Talaka, na mali ya ndoa. Miaka 17 ndani, sikuwahi kuajiriwa. Nililea watoto wanne, nililima, nilipikia mafundi nyumba ikijengwa. Tulianzia baraza la usuluhishi la ndoa, wakashindwa kutupatanisha, wakanipa hati ya kwenda mahakamani. Kule mume akasema, "Hakuleta hata tofali."

Hakimu akataja kesi ya Bi Hawa Mohamed ya 1983. Katika kesi hiyo Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Nilipofika nyumbani nikaitafuta. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, mahakama iliona fungu lake alikwisha kupewa na akalitumia. Lakini kanuni aliyoisimamia ndiyo iliyonipa mimi sehemu ya nyumba, miaka yote hiyo baadaye. Namwombea kila nikifungua mlango wangu.

Mama Tatu

Dada wa Singida, pole na hongera. Nimeisoma mara mbili.

Fundi AC

Wakuu, nimetoka huko sasa hivi. Fomu imepokelewa, nakala yangu ina muhuri wa leo. Nimeipeleka kazini, mlinzi kakataa kuipokea, anasema kaagizwa.

Mtunza Stoo

Hata mimi walinikatalia getini. Nenda posta, itume kwa rejista kwenye anwani ya kampuni, na stakabadhi uitunze kama yai. Siku ya kuitwa utaitoa. Posta wanafunga jioni, wahi.