Wajuzi wa Kihispania, "palta" na "aguacate" ni kitu kimoja au?

Mvua_ya_Tukuyu: Wakuu heshima kwenu. Niko Tukuyu, kikundi chetu tunakusanya parachichi za Hass, sasa kuna mnunuzi yuko Uhispania nachati nae wasapu kwa Kihispania changu cha kuungaunga, yeye huwa anaandika aguacate. Kaniunganisha na mwenzake raia wa Peru anayekagua ubora, huyo kila sentensi ni palta. Je, moja ni Hass na nyingine ya kienyeji? Halafu nikamtumia picha ya mzigo kajibu "todavía está verde". Kwani alitaka rangi gani?

Mkihesa: Kamwene. Tunda ni lilelile mkuu. Uhispania, Mexico, Kolombia wanasema aguacate, neno la Kinahuatl hilo, lugha ya wenyeji wa Mexico, ila Peru, Chile, Argentina ni palta, limetoka Kikechua cha kule milima ya Andes. We kila mtu mwandikie la kwao. Kutamka aguacate wala hakusumbui, mkazo uko KA, silabi ya pili toka mwisho kama sisi tu.

mama_uyole: Na usije ukaandika avocado kisa tumezoea, kwao b na v zinasikika sawa na abogado ni mwanasheria, utaonekana unauza mawakili kwa kilo 😂

Dalali Mstaafu: Mbona hamjamjibu la muhimu? ES verde ndo rangi ya kijani, ESTÁ verde maana yake bado bichi. Todavía ni "bado". Huyo jamaa anahofia mmechuma machanga, na kwenye picha Hass changa na iliyokomaa zote kijani, inakuwa nyeusi ikishaiva. Usibishane nae kwa picha, mtajie materia seca, ile asilimia ya tunda isiyo maji wanayopima kabla ya kuchuma, hapo mtaelewana haraka. Parachichi la kusafiri na meli lazima liwe limekomaa ila gumu, na "gumu" ni duro.

Mvua_ya_Tukuyu: Ndaga fijo mzee wangu, kumbe ndo maana aliuliza tumechuma lini. So naandika "la palta está duro, pero no está verde", halafu naweka hiyo materia seca?

Mkihesa: DURA mkuu. Palta ni ya kike, la palta dura. Kwa yule wa Uhispania ndo el aguacate duro, ni mambo ya ngeli tu hayo.

mama_uyole: Na bei usitaje kabla hajaridhika na hiyo asilimia.