Bingwa wa kupigiwa kura
(Kikundi: UKOO WA BI MWANAHAWA)

Mjomba Shaabani: Hamisi, jana nakupigia hupokei. Kuna nini huko Columbus, Marekani?

Hamisi: Shikamoo mjomba. Samahani, nilikuwa uwanjani, timu ya chuo cha Ohio State walikuwa wanacheza mpira wa Kimarekani. Kwa kelele zile simu huisikii.

Mjomba Shaabani: Marahaba. Mpira wa vyuo ndio wa kukufanya usipokee simu?

Hamisi: Mjomba, uwanja wa chuo hiki unaingiza watu zaidi ya laki moja. Kwa Mkapa ni elfu 60.

Zuhura: Wa chuo?? 😳

Hamisi: Wa chuo. Na miaka nenda rudi bingwa wao alipatikana kwa kura! Waandishi wa habari wana bingwa wao, makocha wana wao.

Mjomba Shaabani: Kura? Kwani Miss Tanzania?

Hamisi: 😂 Timu za daraja la juu ni zaidi ya 130, kila moja mechi 12 tu kabla ya fainali za kanda, yaani makundi ya vyuo, nyingi ndani ya kanda yake. Msimamo mmoja wa ligi utaupata wapi? 1998 wakaanza kuchanganya kura na kompyuta, wawili wa juu wanacheza fainali, basi.

Salim: Si afadhali?

Hamisi: 🎤 Ujumbe wa sauti (4:12)

Mjomba Shaabani: Andika bwana. Bando hilo.

Hamisi: Haya. 2003 timu ya chuo cha USC ni wa 1 kwa kura za waandishi na za makocha, hesabu za kompyuta zikawashusha hadi wa 3. Oklahoma wametoka kupigwa 35-7 na Kansas State, lakini fainali wanacheza wao na LSU! LSU wakashinda 21-14, waandishi wakawapa USC ubingwa vilevile. Msimu mmoja, mabingwa wawili. 2004 Auburn hawakufungwa mechi hata moja, fainali wakaitazama kwenye TV.

Mama Zuhura: Jamani michango ya harusi mwisho Ijumaa. Haya endeleeni na mpira wenu.

Salim: Ila mtoano nao ni bahati. Unacheza vizuri mwaka mzima, siku moja mbovu umetoka. Ligi ndiyo haki.

Hamisi: Ligi ni haki kwa sababu kila timu inakutana na kila timu, nyumbani na ugenini. Huku hawakutani. 2014 walipoanza mtoano wa timu 4, Ohio State waliingia wa 4, wakamtoa Alabama wa 1 kwa 42-35, wakabeba kombe. Kwa mfumo wa zamani wasingetia mguu.

Mjomba Shaabani: Unavutia kwako.

Hamisi: Basi chukua Florida State 2023. Mechi 13, ushindi 13, bingwa wa kanda. Kamati ya watu 13 inayochagua timu za mtoano ikawaacha, eti mrusha mpira wao Jordan Travis kaumia mguu, timu si ile tena. Nafasi wakapewa Alabama, ambao walishafungwa.

Mjomba Shaabani: Astaghfirullah. Unamwadhibu mtu kwa mechi ambayo hajacheza?

Salim: Mbona naona hapa baadaye Georgia waliwachapa 63-3?

Hamisi: Wachezaji wengi walishajitoa. Mechi ile haikuwa ya ubingwa, nani ahatarishe goti lake?

Shangazi Rukia: Hao si wanafunzi? Wanasoma saa ngapi?

Hamisi: Hapo shangazi umenibana. Tangu 2024 timu ni 12. Ohio State walicheza mechi 16 kulipata kombe la kwanza la mfumo huo, fainali Januari 20. Sina jibu zuri.

Mjomba Shaabani: Hao 12 wanapatikanaje?

Hamisi: Mabingwa wa kanda 5, na wengine 7.

Mjomba Shaabani: Hao 7 anawachagua nani?

Hamisi: Kamati.

Mjomba Shaabani: Ileile?

Hamisi: Ileile 😅 Lakini sasa anayelia ni wa 13. Zamani alilia aliyeshinda mechi zote.

Salim: Wa 13 naye ana mama yake.

Mjomba Shaabani: Fainali kwa huku saa ngapi?

Hamisi: Saa tisa na nusu usiku.

Shangazi Rukia: Shaabani, TV hiyo utaitazama bila sauti.