Naombeni ushauri: nimealikwa kuchekesha wanajeshi wetu nje ya nchi

Habari zenu wakuu. Mimi ni mchekeshaji, naishi Mwanga hapa Kigoma, kazi zangu ni harusi na matamasha madogo. Kuna kikundi kimeniomba tuongozane kwenda kutumbuiza askari wetu wanaolinda amani Kongo. Ni ng'ambo ya ziwa tu, lakini mama yangu pale Ujiji hataki hata kusikia. Anakumbuka Desemba 2017, walipouawa askari wetu zaidi ya 10 kule Semuliki. Simlaumu, hata mimi nililia siku ile.

Moyo wangu lakini unataka kwenda. Nimesoma habari za Bob Hope, yule Mmarekani aliyeanza kuchekesha wanajeshi mwaka 1941, na kuanzia 1964 hadi 1972 akawa anakwenda Vietnam kila Krismasi. Kabla ya kupanda jukwaani alitafuta kwanza habari za kambi yenyewe, utani ukatoka humo humo. Vichekesho vyangu vingi ni vya lafudhi ya Kiha, na kambini watu ni wa mikoa yote.

Mtu aliyempoteza mwenzake juzi unamchekesha kwa lipi? Nianzie wapi? Kuhusu bima na mkataba, nidai nini kabla ya kusaini? Na mama nimwambieje? Mliowahi kukaa kambi hizo nisaidieni, jibu linatakiwa Ijumaa.