Binti yangu kaficha betri za mwenzake darasani. Nifanye nini?

Mama wa Wawili:
Habari zenu ndugu. Jana nilikuta betri mbili kwenye kikasha cha penseli cha binti yangu wa miaka tisa, ndogo kama punje za dengu, vibandiko vimebanduliwa. Nilipombana akakiri: ni za akiba za msichana wa darasani kwao anayevaa kifaa cha kusikia. Kifaa kilipozima, mwenzake alikaa vipindi vinne bila kusikia vizuri, na wengine wakawa wanamwita kwa nyuma, asipogeuka wanacheka.

Nikamuuliza, kakukosea nini? Akasema, "Mwalimu anampenda yeye tu. Anakaa mbele kila siku, akijibu swali moja anapigiwa makofi." Kabla huyo hajaja, wangu ndiye alikuwa wa kwanza. Muhula huu kawa wa pili. Nimeumia sana, maana kijicho hicho kimekua chini ya paa langu na mimi sikukiona.

Mwalimu wa darasa la nne:
Dada, usimchape, ila usilipitishe. Mweleze kwamba kile kifaa kinakuza hata kelele za madawati, na kinasaidia zaidi msemaji akiwa karibu. Ndiyo maana anakaa mbele. Kosa letu walimu ni kutowaeleza wenzake, nao wanaona upendeleo. Na asiombe msamaha mbele ya darasa zima, utamtia yule mtoto aibu mara ya pili.

Wale waliocheka nao wamo. Mtafiti Christina Salmivalli na wenzake huko Finland waliandika mwaka 1996 kwamba uonevu wa darasani una wasaidizi, wachochezi wanaocheka, wanaojitenga, na watetezi.

Nimevaa tangu darasa la pili:
Betri hizo zikishabanduliwa kibandiko, hewa inaingia, zinaanza kuisha hata zikiwa mezani. Peleka mpya. Mimi kifaa kikizima nilikuwa natazama midomo ya watu, na mtu akicheka huku anaongea sishiki neno hata moja. Nilikuwa nacheka nao, nisionekane sijaelewa.

Mama wa Wawili:
Asanteni. Hayo ya kucheka nao nilimsomea binti yangu, akanyamaza muda mrefu. Leo tumekwenda kwao, kapeleka betri mpya mwenyewe na kuomba radhi. Yule mtoto alizipokea kwa mikono miwili, akazihesabu, kisha akampa mama yake amtunzie. Mkobani mwake hakuzitia.