Ati sisi ni matajiri? SAI imetoka elfu 21, naomba msaada

Kutoka: Mama Furaha, Laurel MD

Habari zenu wapendwa, poleni na majukumu na hii baridi. Naomba msaada wa haraka maana nimechanganyikiwa. Furaha amepata chuo, tunamshukuru Mungu, tukajaza FAFSA ya 2026-27, ile fomu ya kuomba msaada wa kulipia chuo, baba yake naye kaingia na akaunti yake ya FSA ID, IRS, watu wa kodi, wakavuta wenyewe 1040 yetu ya 2024, ile fomu ya kodi, matokeo yake SAI, ile namba wanayopimia uwezo wa familia kulipia chuo, imekuja elfu 21 na ushee. Pell, ile ruzuku ya serikali kwa wenye kipato kidogo, hakuna hata senti. Amepewa ule mkopo wa serikali wa mwaka wa kwanza, 5,500, basi, kinachobaki eti familia ichangie. Familia ipi?

Nikapiga simu ofisi ya misaada ya chuo, dada wa watu akanijibu kwa upole kabisa, mama, kipato cha kaya yenu ni elfu 142, nyie mnajiweza. Hiyo 142 mimi naijua ilivyopatikana. Mimi ni LPN, nesi wa ngazi ya chini, 2024 baba mkwe alianza kusafisha figo hospitali ya KCMC, nikawa napiga dabo wikiendi, mume wangu akaacha lori la hapa hapa akaenda OTR, lori la masafa marefu, kwa sababu ndiko kwenye hela. Siku akiwepo tunapokezana mtoto mdogo kwenye parking ya kazini kwangu, mimi naingia zamu, yeye anahangaika kufunga kile kiti cha mtoto kwenye gari lake, hata salamu hatujamaliza. 2025 nimepunguza masaa, mgongo umegoma.

Sasa wamenitumia fomu ya special circumstances, yaani hali maalum, kuna sehemu ya kueleza ndugu unaowasaidia. Swali langu ni hili tu, risiti za kutuma hela nyumbani wanazikubali? Nyingi zimeenda kwenye simu ya wifi yangu, siyo moja kwa moja hospitali. Na barua ya serikali ya mtaa ikiwa ya Kiswahili, lazima itafsiriwe na mtu wa muhuri au hata mimi naweza? Mwisho ni Ijumaa ijayo.

Kutoka: Mdau wa Columbus

Pole sana dada. Hayo yalitukuta sisi kwa kijana wa kwanza, ile namba yao, EFC, ikatoka kubwa tukabaki midomo wazi, ila subiri mdogo wake aingie chuo maana wakiwa wawili wanagawa mbili na mambo yanakuwa nafuu. Halafu nikuulize, kile kiwanja cha Kigamboni mlikiandika? Kama mlikiandika ndiyo kilichowaua. Mambo ya Bongo unayaacha Bongo.

Kutoka: Mzee wa Houston

Jamani Mdau, kabla hujashauri watu soma kwanza. EFC ilishakufa, tangu 2024-25 ni SAI, na huo ugawaji wa watoto wawili ulikufa siku hiyo hiyo. Mimi nina wawili chuoni SASA HIVI na kila mmoja kapigiwa hesabu kama vile mwenzake hayupo. Usimpe mama wa watu matumaini ya mwaka arobaini na saba.

Na kuhusu kiwanja, nyumba unayoishi haihesabiwi, lakini ardhi nyingine inahesabiwa iwe Kigamboni iwe Katy Texas, fomu haiulizi iko nchi gani. Ukificha na wakakuchagua kwa verification, yaani ukaguzi, shauri yako.

Mama Furaha, cha kushika ni kwamba kipato chako kimeshuka 2025. Hiyo inaitwa professional judgment, ofisi ya chuo ina mamlaka ya kubadilisha hesabu, peleka W-2 za 2025, zile karatasi za mshahara wa mwaka, na barua ya mwajiri kwamba ovataimu haipo tena. Hizo za nyumbani zitakuchosha bure.

Kutoka: Nyambura, Brooklyn Park MN

Jameni nisaidieni kuelewa. Mapato ya kati ya kaya Amerika kwa 2024 ilikuwa kama elfu 83 na mia saba hivi, hiyo ni Census wanasema. Mama Furaha ako na 142. Kwa karatasi yeye ni tajiri, si uongo, na huyo dada wa ofisi hakumtusi. Shida ni hiyo karatasi haina mahali pa kuandika vile pesa inatoka.

Mimi na mzee wangu ni RN, manesi, wote wawili, ukisikia hiyo namba utadhani tunakunywa chai na gavana. Toa kodi, toa mogeji, deikea ya watoto wawili ndiyo imeshinda mogeji yenyewe, toa mkopo wa nursing school, halafu ufungue WhatsApp. Kuna grupu ya harambee ya cuzo, grupu ya matanga, grupu ya school fees ya watoto wa marehemu brother, na zote ziko na treasurer anaandika majina ya wenye wametoa, na jina lako likikosa wanaacha nafasi wazi hivi kila mtu aone 😂 Mwisho wa mwezi nikiangalia savings nacheka tu. Mimi napima utajiri na kile kimebaki, siyo kile kimepita.

Kutoka: Kijana wa Kent, Seattle

Samahani nitasema kitu mtachukia. Hapa kila mtu ni maskini mpaka siku ya pati ya Krismasi ndiyo unaona Sequoia mbili mbili zimepaki. Nyumba ya vyumba vitano mmelazimishwa na nani? Wazee wetu walitusomesha na mshahara wa ualimu, mtu anaingiza laki na arobaini analia chuo hakimpi sadaka. Kuna watu humu wanalipwa dola 19 kwa saa na hawajasema neno.

Kutoka: Mama Furaha, Laurel MD

Kijana wa Kent mwanangu, gari letu ni Sienna ya 2012 na mlango wa pembeni haufunguki kwa ndani. Nyumba ni ya kupanga. Na sijaomba sadaka, nimeuliza kuhusu risiti.

Kutoka: Papa wa Bukavu, Dayton OH

Bandugu, mie nitaongea kwa hao wa dola 19 maana ndio mimi. Tulifika kwa njia ya ukimbizi, mwanzo tulikuwa na food stamps za chakula, Medicaid ya matibabu, na vocha ya kulipia deikea. Kampuni ikaniongeza dola mbili kwa saa, na bibi yangu, mama ya watoto, akapata kazi ya usiku kwenye gala. Nilifurahi kabisa, nikanunua mbuzi tukala. Kumbe ilikuwa nifurahi kidogo. Stamps zikakatwa, vocha ikakatwa, na deikea peke yake ikakula ile nyongeza yote na sehemu ya mshahara wa bibi. Kwa ofisi tulipanda. Kwa frigo tulishuka. Kuna rafiki yangu alikataa kuwa supavaiza kwa sababu hiyo, watu wanamwita mvivu, mie sikumwita mvivu.

Lakini mama, mtoto wako atasoma, hiyo ni kitu kubwa. Mie nilikuwa mwalimu wa fizikia na leo niko napanga maboksi.

Kutoka: Bi Asha, Leicester

Afadhali yenu. Huku Uingereza kaya haihesabiwi kabisa ikija child benefit, posho ya watoto, wanaangalia mtu mmoja mmoja. Mume wangu peke yake anapata 82,000 kwa mwaka, mimi niko nyumbani na watoto watatu mmoja ana usonji, tukifuata sheria ya tangu Aprili 2024 ukivuka 60,000 wanaanza kukunyang'anya na ukifika 80,000 imeisha yote. Jirani zetu mke na mume kila mmoja 58,000, jumla ni 116,000, wanachukua child benefit yote kamili. Mtu na akili zake alikaa akatunga hiyo! Mimi sina chuki na jirani, tunapikiana, lakini kila nikiona wanaenda Tenerife nasema moyoni hiyo tiketi ina mchango wangu.

Kutoka: Mzee wa Houston

Bi Asha pole, lakini hapa tunazungumzia FAFSA ya Marekani.

Kutoka: Bi Asha, Leicester

Nimesoma Mzee. Mada inauliza kama ni matajiri, haikusema Texas.

Kutoka: Mdau wa Columbus

Narudi kwenye kiwanja maana Mzee amenishambulia. Mama Furaha ni raia wa hapa, si ndiyo? Basi kwa sheria ya kwetu alipochukua passport ya bluu uraia wa Tanzania ulikwisha, na asiye raia alikuwa hamiliki ardhi isipokuwa ya uwekezaji. Kwa hiyo kile kiwanja bila shaka kiko kwa jina la mdogo wake kama tulivyofanya sisi sote tuliobeba boksi miaka ya mwanzo. Sasa niambie Mzee, Dar es Salaam siyo changu kwa kuwa mimi mgeni, Washington ni changu kwa kuwa mimi tajiri. Wapi sasa ninapomiliki kitu? Na huyo mdogo mtu akifa kesho, shemeji akasema kiwanja ni cha mumewe, naenda mahakama gani? Miaka yote tunaimbishwa uraia pacha, mwisho wameleta hadhi maalum, hela zetu wanazitaka kamili ila sisi watupokee nusu.

Kutoka: Nyambura, Brooklyn Park MN

Sisi Kenya tulipata uraia pacha na Katiba ya 2010, nyinyi bado mko kwa mkutano 😅

Kutoka: Mdau wa Columbus

Nyambura na katiba yenu hiyo mnalipa bei gani ya unga?

Kutoka: Mtoto wa Mji, Silver Spring

Mimi nafanya kodi za watu msimu, niseme moja ambayo watu wananiuliza kila Februari na kila Februari wananikasirikia. Mzazi wako anayeishi Moshi au Kisumu HUWEZI kumweka kwenye 1040 kama tegemezi hata ungekuwa unamlipia mpaka hewa anayovuta, isipokuwa awe raia wa Marekani. Sheria inataka mtegemezi awe raia au mkazi wa hapa, na wakaongeza wakazi wa Kanada na Mexico. Mjaluo mwenzangu mmoja aliniuliza kwani Kanada kuna nini, nikamwambia jirani ni jirani. Kwa hiyo IRS kwa Mama Furaha wanaona watu watano, yeye anajua ni kumi na mmoja, na FAFSA inafuata macho ya IRS. Hesabu ya SAI inatoa kodi ya federal, inatoa FICA, yaani makato ya Social Security na Medicare, inatoa kiasi cha kujikimu kwa idadi ya watu wa kwenye fomu, kinachobaki wanakimega kuanzia asilimia 22 hadi 47 kwa ile sehemu ya juu. Zile dabo zako zote dada zimeangukia kwenye 47. Ulikuwa unafanyia kazi baba mkwe, ukiamka chuo nao walikuwa wanaandika.

Na wale mnaosema atakopa Parent PLUS, ule mkopo wa serikali kwa wazazi, kuanzia Julai 2026 kuna kikomo kwa wanaoanza, elfu 20 kwa mwaka na elfu 65 jumla kwa mtoto mmoja. Siyo kama zamani.

Kutoka: Kijana wa Kent, Seattle

Sawa mlango wa Sienna nimeelewa, nisamehe mama. Lakini nyumbani nao wapunguze. Mimi juzi nimeletewa kadi ya mchango wa send-off ya mtu ambaye tulisoma naye chekechea, na kiwango kimeandikwa kabisa, "single" dola mia. Nani kawaambia dola mia ni ya kuchezea? Ukikataa umejisahau, ukitoa wanasema kumbe anazo. Sijala samaki wa kupaka tangu nitoke Tanga, mwaka wa sita huu, tiketi yenyewe kila nikiitafuta linazuka jambo, wao wako beach wanaposti.

Kutoka: Bi Asha, Leicester

Wa Tanga wewe? Barabara ya ngapi? Mimi ya kumi na nne!

Kutoka: Kijana wa Kent, Seattle

Chumbageni shangazi, nyuma ya polisi 😂

Kutoka: Nyambura, Brooklyn Park MN

Na hiyo kodi mpya ya kutuma pesa mmeona? Hata kabla mtu wa nyumbani aguse wameshakata. Mimi nimeambia mamangu kutoka sasa nitatuma kidogo juu serikali inachukua yake.

Kutoka: Mzee wa Houston

Nyambura usimdanganye mama yako. Ni asilimia 1 tangu Januari 2026, na ni kwa anayepeleka keshi, money order au cashier's check dirishani. Ukituma kutoka akaunti ya benki au debit card ya hapa haikugusi kabisa. Wewe nakujua unatuma kwa simu umelala kitandani. Mtumie mama hela yake yote.